Pikapu za Kale na Watu Wazipendao

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za motakaa, wala si motakaa mpya zinazotoka kiwandani zikimetameta, bali zile kuukuu, na hasa pikapu, ambazo watu wengine wangeziacha zishikwe na kutu chini ya mwembe. Katika nchi ya Marekani, na katika nchi nyingine pia, wako watu wengi wazipendao motakaa hizo kama mfugaji apendavyo ng'ombe wake. Siku za mapumziko hukusanyika uwanjani, hufungua maboneti, huinama na kuchungulia injini, na maneno yao hayaishi mpaka jua limekuchwa. Katika mazungumzo yao liko shauri moja linalowagawanya siku zote, nalo ndilo tunalotaka kulipima leo. Je, mtu akipata motakaa ya kale, imempasa kuirudisha kama ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani, au ana ruhusa ya kuikata na kuigeuza apendavyo?

Ili tupate kujibu, yatupasa kwanza kujua pikapu ilizaliwaje.

Mwaka 1908 Henry Ford, wa mji wa Detroit, alianza kuuza motakaa iliyoitwa Model T. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na nguvu za farasi 20. Hata ilipokoma kuundwa mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha toka zaidi ya milioni 15. Wanunuzi wake wengi walikuwa wakulima, na mkulima hatazami motakaa kwa jicho la mtu wa mjini. Wakulima wale waliiona kuwa ni mtumishi wa shamba. Wengine waliinua gurudumu moja la nyuma, wakalivisha ukanda, wakaendesha kwalo msumeno wa kukatia kuni au pampu ya maji. Wengine waling'oa kiti cha nyuma, wakatia sanduku la mbao la kuchukulia viazi, maziwa na kuku. Yakatokea hata maduka yaliyouza vyuma vya kugeuzia Model T kuwa lori dogo. Tangu mwaka 1917 Ford mwenyewe aliuza chesisi ya kuchukua tani moja, yaani kile kiunzi cha chuma kinachobeba injini na magurudumu, naye mnunuzi akajitafutia seremala wa kumjengea sehemu za juu.

Basi kiwanda kilipoona kwamba watu wanakata motakaa zao kwa hiari yao, kikafahamu wanalolitaka. Tarehe 15 Aprili 1925 kikatoa Model T yenye sanduku la chuma nyuma tayari, na mlango wa sanduku ukifunguka kwa kuangukia chini. Bei yake ilikuwa dola 281, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa karibu 34,000. Hiyo ndiyo pikapu ya kwanza ya Ford iliyotoka kiwandani ikiwa kamili. Angalieni jambo hili vema, maana tutalirudia: si kiwanda kilichomfundisha mkulima, bali ni mkulima aliyekifundisha kiwanda.

Jambo kama hilo lilitokea nchi ya Australia. Mwaka 1932 mke wa mkulima mmoja wa jimbo la Victoria alipeleka barua kwa kampuni ya Ford. Alisema kwamba hawana fedha za kununua magari mawili. Wanataka gari moja tu, ambalo siku ya Jumapili litawapeleka kanisani pasipo kunyeshewa na mvua, na siku ya Jumatatu litawapelekea nguruwe sokoni. Kazi ile akapewa kijana mchoraji wa kiwanda cha Geelong, jina lake Lewis Bandt. Akachora gari lenye nafasi ya watu mbele, zuri kama motakaa ya kutembelea, na sanduku la mizigo nyuma, vyote vimeunganishwa kuwa mwili mmoja. Likaanza kuundwa mwaka 1934, na Waaustralia wakalipenda sana, wakaliita yuti. Ford iliendelea kuyaunda huko, umbo baada ya umbo, hata mwaka 2016 ilipoacha kuunda magari katika nchi ile.

Sasa na turudi Marekani, kwa vijana wa California. Mwaka 1932 Ford alitoa motakaa ya bei nafuu yenye silinda 8, zimepangwa safu mbili zilizoachana juu kama herufi V, na nguvu zake zilikuwa za farasi 65. Motakaa hizo zilipochakaa na bei yake kushuka, vijana wakazinunua. Wakang'oa madigadi na kila kitu kizito kisichosaidia mwendo, wakaitengeneza injini ivute pumzi zaidi, wakaenda kuzijaribu jangwani, mahali kama Muroc, palipo na ziwa lililokauka, ambapo ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuwa chama kimoja chenye sheria za mashindano. Motakaa za namna hiyo waliziita hotirodi, na mwezi wa Januari 1948 likatoka gazeti lenye jina hilo.

Wengine hawakutafuta mwendo bali sura. Hawa walikata springi ili motakaa iketi chini karibu na ardhi. Walikata nguzo za madirisha, wakapunguza vidole kadha, wakateremsha paa na kulilehemu tena. Waling'oa vishikio vya milango na mapambo, wakaziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa, wakalainisha kwa tupa mpaka kiganja kikipita juu yake kisihisi kiungo. Kisha wakapaka rangi, tabaka juu ya tabaka. Msidhani hiyo ni kazi ya mchezo. Paa likikatwa kwa kosa la nusu ya kidole, vioo havikubali kuingia; na vumbi la risasi ni sumu kwa fundi alivutaye.

Pikapu nazo ziliingia katika kazi hiyo. Zinazopendwa kupita nyingine ni zile za Chevrolet zilizoanza mwaka 1947, zenye madigadi ya mviringo na pua nene, na zile za Ford ziitwazo F-100, zilizoanza mwaka 1953. Sababu ya mapenzi haya ni nyepesi. Kichumba cha dereva, sanduku na madigadi vimefungwa kwa bolti juu ya chesisi, na mtu mwenye spana na subira aweza kuipambua yote kipande kwa kipande katika ua wa nyumba yake, asafishe kutu, kisha aifunge tena. Tena pikapu nyingi zilitumika shamba miaka mingi, na kila kipigo kilichomo kina habari yake: hapa ng'ombe alipiga teke, hapa gogo liliangukia.

Basi hapo ndipo ugomvi unapoanza. Watu wa kundi la kwanza husema: "Motakaa ya kale ni ushahidi. Ukiikata, umeufuta ushahidi, na kilichokatwa hakirudi." Hawa huangalia namba zilizopigwa juu ya injini na juu ya chesisi, wapate kujua kama vilitoka kiwandani pamoja; hutafuta rangi ileile, vioo vilevile, hata bolti zilezile. Watu wa kundi la pili hujibu: "Chombo kiliumbwa kitumike. Mwenye nacho wa kwanza alikigeuza kwa haja zake, na sisi twakigeuza kwa haja zetu. Mkituzuia, mtatuachia makaburi ya chuma."

Sisi twaona kila kundi limeshika sehemu ya haki. Hao wa pili wana historia upande wao, kwa maana pikapu yenyewe, kama tulivyoeleza, ni mtoto wa msumeno na nyundo ya mkulima. Kama watu wa mwaka 1915 wangalikatazwa kugusa kazi ya kiwanda, pikapu ya mwaka 1925 ingalitoka wapi? Wala si huko mbali tu. Hapa Afrika ya Mashariki, katika Kenya ya miaka ya 1920 na 1930, zilikuwako motakaa zilizojengewa bodi za mbao juu ya chesisi iliyotoka ng'ambo, zikaitwa boksibodi. Na katika miaka ya 1970 pikapu za Peugeot 404 zilitiwa paa na mabenchi nyuma, zikawa matatu za kuchukua abiria. Fundi aliyefanya hayo hakuharibu kitu. Alikamilisha kazi ambayo kiwanda hakikujua kwamba yahitajiwa.

Tena iko hadithi ya kweli inayowapasa watu wa kundi la kwanza kuifikiri. Mwaka 1952, huko California, ndugu wawili, Sam na George Barris, waligeuza motakaa aina ya Mercury ya mwaka 1951, mali ya kijana aitwaye Hirohata. Waliteremsha paa, wakaondoa nguzo za katikati ya madirisha, wakaipaka rangi za kijani. Ikasifiwa sana, kisha ikasahauliwa, hata mwaka 1959 kijana mwingine akainunua kwa dola 500 tu. Miaka mingi baadaye aliitengeneza upya. Je, aliirudisha kama ilivyotoka kiwandani? Hasha! Aliirudisha kama ilivyotoka katika karakana ya akina Barris, na leo imeandikwa katika orodha ya motakaa za historia ya Marekani. Yaani kazi ya mkataji nayo imekuwa ushahidi, na sasa haifai kukatwa.

Lakini hao wa kwanza nao wana neno zito. Ziko motakaa za ajabu ambazo hazikuundwa kwa wingi. Iko Amphicar ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, ambayo hutembea barabarani na kuogelea majini. Nyuma ina rafadha mbili kama za meli, na magurudumu ya mbele ndiyo usukani wake ikiwa majini. Hizo hazikufika 4,000. Iko Peel P50 ya kisiwa cha Man, ya mwaka 1962, yenye magurudumu matatu, urefu wake haufiki mita moja na nusu, nayo haina gia ya kurudi nyuma. Dereva hushuka, akaishika kwa kishikio cha nyuma, akaigeuza kwa mkono. Hizo hazikufika hata mia moja. Mtu akikata Model T moja, zimebaki nyingine nyingi za kushuhudia. Akikata Peel moja, amechoma ukurasa wa kitabu ambacho nakala zake zahesabika kwa vidole.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kabla ya kushika msumeno, uliza kwanza zimebaki ngapi za namna hiyo. Zikiwa chache, usikate. Zikiwa nyingi, geuza, lakini weka kila ulichokiondoa, na andika katika daftari ulichokifanya na siku ulipokifanya, ili atakayekuja baada yako ajue. Tena usianze na injini; anza na breki. Pikapu ya mwaka 1947 iliundwa kwa mwendo wa siku zake, na mtu akiitia injini yenye nguvu mara tatu, akaacha breki na usukani wa kale, amejiundia jeneza lenye rangi nzuri. Wala usitie springi motoni ili zilegee na motakaa ishuke, kwa sababu moto huiondoa ile nguvu ya chuma, na springi huweza kuvunjika safarini ukiwa na watoto ndani.

Nanyi wanafunzi, huenda katika kijiji chenu liko gari kuukuu la babu au la jirani, limelala nyuma ya nyumba. Msilipige mawe. Mwendeeni mwenyewe kwa adabu, mkamwulize lilinunuliwa mwaka gani, lilibeba nini, na ni fundi gani aliyelijengea bodi. Andikeni majibu yake. Chuma huweza kutengenezwa hata baada ya miaka 50, lakini mzee anayejua habari zake hangoji muda huo.