Njia za Hisani: Maneno kwa Waendesha Pikipiki wa Chebunyo

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wananchi, Chebunyo)



Nimeombwa nizungumze juu ya vibali, lakini nitaanza na miiba. Leo asubuhi nikishuka kuelekea mtoni nilikuta njia ya miguu imezibwa kwa matawi ya mgunga. Mwenye shamba hana ugomvi na majirani. Alinieleza kwamba Jumapili pikipiki zilipita hapo kwa kundi, ng'ombe wake wakatawanyika na mahindi machanga ya pembeni yakalazwa chini. Akaziba. Sasa akina mama wenye mitungi wanazunguka mbali, na watoto wa shule vilevile.

Njia nyingi tunazopita hapa hazimo katika orodha ya barabara za umma. Ni njia za hisani. Mtu aliacha ukanda wa shamba lake ili jirani apite kwa miguu, miaka ikapita, tukazizoea. Hisani ya kumpitisha mtu na mtungi wake si ruhusa ya kupitisha pikipiki kumi kwa kasi. Kwa hiyo ukitaka kupita shambani mwa mtu, mwombe. Mwambie siku, saa na idadi ya pikipiki, na ikiwezekana muandikiane. Tena, shamba la familia lina wenyewe wengi: usiridhike na kijana uliyemkuta langoni kama baba na mama yake hawajui lolote.

Barabara ya umma haina shida, mradi ufuate sheria ya trafiki: pikipiki iliyosajiliwa, leseni ya daraja A, bima, helmeti na jaketi ya kung'aa. Abiria ni mmoja tu. Hayo mnayajua, ingawa nimewaona wengine mkifika hapa watatu watatu.

Msitu una sheria yake, ile ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016. Katika msitu wa umma, kuchonga njia mpya bila kibali ni kosa, hata kama hukukata mti mkubwa. Kupita na tairi mahali pamoja kila wikendi mpaka nyasi ziishe, mimi nakuita kuchonga njia. Anayeulizwa ni Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kupitia afisa wa kituo cha msitu huo. Kibali hicho hakitolewi na chifu wala na mimi. Mtu akikusimamisha kando ya njia akidai pesa za kibali bila risiti, usimpe, piga ripoti.

Kuna jambo ambalo halihitaji afisa kulieleza, kwa sababu mnalitazama kila siku. Udongo wetu wa huku chini si kama wa mashamba ya chai. Jua likiwaka unakuwa vumbi, mvua ikinyesha unakwenda na maji. Tairi lenye meno likipanda mteremko uliolowa linaacha mfereji mwembamba. Mvua inayofuata inaupata mfereji huo tayari na kuuchimba zaidi, na baada ya misimu michache ni korongo ambalo ng'ombe hawezi kulivuka. Kati ya Machi na Mei, miteremko iacheni kabisa.

Vijana wa boda mmenilalamikia kwamba mnabebeshwa makosa ya wageni. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini alama nilizoziona pale kwenye miiba hazikuwa zote za pikipiki kubwa, na nyinyi mnazijua tairi zenu kuliko mimi.

Mwenye shamba amekubali kufungua, kwa masharti mawili: njia ibaki ya miguu tu, na aliyelaza mahindi aje wazungumze. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa pale pamoja na mzee wa kijiji. Anayehusika aje bila kuitwa jina. Wengine mje na panga na glavu, maana miiba ile ni mirefu.