Kilua na ndugu yake wa Kaya Ribe



Mazungumzo ya leo ni ya kichaka kimoja. Hakiuzwi Marikiti, hakipandwi uani, na wengi waliokaa hapa hawajakiona. Wataalamu wanakiita Lukea quentinii. Kinamea katika msitu wa Kaya Ribe, Kaunti ya Kilifi, upande wa barabara ya Mazeras kwenda Kaloleni. Ni mwendo wa matatu kutoka Mombasa, lakini wataalamu hawajakipata mahali pengine popote duniani.

Mkazi wa Kibokoni au Kuze ana haki ya kuuliza: kichaka cha Ribe kinamhusu nini? Kinamhusu, kwa sababu kina ndugu hapa mjini.

Ndugu huyo ni mkilua. Katika Mji wa Kale kilua hakihitaji kutambulishwa. Ni ua lisilo na makeke ya rangi, lakini likiingia chumbani kila mtu hujua. Akina mama hulitia kwenye kikuba pamoja na asumini na rehani, hulifunga kwenye leso, na siku ya harusi halikosekani. Ujuzi huo umepita kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu.

Vitabu vya sayansi vilichelewa. Ni mwaka wa 1970 ambapo Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyewahi kufanya kazi Nairobi, alichapisha maelezo rasmi ya mti huo na kuuita Mkilua fragrans. Neno la pili ni la Kilatini, na maana yake ni wenye kunukia. Neno la kwanza ni Kiswahili kitupu. Mpaka leo mwanasayansi wa Tokyo au Paris akitaka kuutaja mti huo, hana budi kutamka neno la mabibi wa pwani.

Hapo pana jambo la kufahamu. Spishi inaposemwa kuwa ni mpya, si kwamba imezaliwa jana, wala si lazima kwamba hakuna aliyeijua. Maana yake ni kwamba sasa imeelezwa kwa kanuni ambazo mtaalamu yeyote duniani anaweza kuzikagua. Tawi lenye majani, na maua au matunda, hukatwa, hubanwa kati ya karatasi na kukaushwa. Huandikwa limetoka wapi, lini, na nani amelichuma. Kisha hupelekwa katika hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa, kama ile ya Afrika Mashariki iliyo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Huko hulinganishwa na vielelezo vya jamaa zake, kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka mingi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kichaka cha Ribe. Mwanzoni kilidhaniwa huenda ni cha jenasi nyingine, iitwayo Uvariopsis. Kilipochunguzwa zaidi ilionekana kwamba ua lake lina umbo la peke yake: petali tatu zilizokaa juu ya kikalio cha mviringo kilicho bapa, mfano wa kisahani. Mwaka wa 2022, Martin Cheek na George Gosline wa bustani ya Kew, London, pamoja na Quentin Luke wa hebaria ya Nairobi, walichapisha matokeo. Haikuwa spishi mpya tu, bali jenasi mpya. Jina lilitolewa kwa heshima ya Luke, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichunguza mimea ya misitu ya pwani. Jenasi hiyo ina spishi mbili. Ya pili, Lukea triciae, iko katika milima ya Udzungwa, Tanzania.

Mkilua na Lukea ni wa familia moja, ile ya mstafeli na mtomoko. Mlangilangi nao umo. Lakini mstafeli na mtomoko asili yake ni Marekani ya kitropiki, na mlangilangi umetoka Asia. Ilikuja huku kwa mikono ya wasafiri. Mkilua na kichaka cha Ribe ni wenyeji wa Afrika Mashariki.

Undugu huo usifiche tofauti kubwa iliyopo. Mkilua una walinzi majumbani. Ua lake linapendwa, kwa hiyo mti wake hupandwa na kumwagiliwa maji. Lukea quentinii haina bustani, haina soko, wala haina wimbo. Ulinzi wake ni msitu wenyewe, na ulinzi wa msitu ni miiko ya wazee wa kaya.

Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome vya Wamijikenda. Watu walipohama, misitu iliyozizunguka ilibaki kuwa mahali patakatifu. Miti haikatwi ovyo, mgeni hupita njia aliyoonyeshwa, na haingii bila idhini. Hakuna mzee aliyeweka miiko hiyo kwa ajili ya kichaka hiki. Hata hivyo ndiyo iliyokihifadhi mpaka sayansi ikafika. Mwaka wa 2008 UNESCO iliweka misitu kadhaa ya kaya, Ribe ikiwa mojawapo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ngome ya Fort Jesus iliingia katika orodha hiyohiyo mwaka wa 2011. Kwa hiyo Ngomeni na Kaya Ribe ni majirani hata kwenye karatasi.

Lakini orodha haizuii shoka. Waliokieleza kichaka hiki walikiweka katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa sababu eneo lake ni dogo na misitu ya namna hiyo inazidi kumegwa. Ngome ikibomoka ukuta, fundi hupatikana na mawe yapo. Spishi ikitoweka, hakuna fundi.

Na mkono wa Kisiwa umo. Mombasa hainunui chakula tu kutoka bara. Hununua pia boriti, fito, kuni na makaa. Mnunuzi asiyeuliza mzigo umetoka wapi huenda anauharibu msitu ambao hajawahi kuuona.

Yapo basi mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba. La kwanza, kumwuliza muuzaji wa miti na makaa bidhaa yake imetoka wapi, na kukataa isiyo na jibu. La pili, anayekwenda kuzuru kaya apitie kwa wazee wake, afuate njia, asing'oe mche wala kuchuma tawi, hata kwa nia njema. La tatu, mwenye ua au hata pipa la udongo barazani apande mkilua, na amweleze mtoto jina lake, matumizi yake na jamaa zake.

Hilo la tatu si dogo. Mkilua uliingia katika vitabu vya dunia kwa jina la Kiswahili kwa sababu palikuwa na watu wa kulitamka. Kichaka cha Ribe kimepata jina la kitaalamu. Kinachobaki ni kipate watu wa pwani wa kukijali kabla hakijawa karatasi iliyokaushwa ndani ya kabati, bila mti ulio hai msituni.