Nusu ya stima ya jua



Mnamo Julai 2023, shemeji yangu anayeishi Kitengela alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyejaliwa mtoto. Alikuwa ameweka paneli sita za sola juu ya paa, jumla ya kilowati 3, na kuziunganisha na stima ya nyumba. Fundi aliyemuuzia alimwambia hana haja ya kununua betri. Stima itakayobaki mchana itaingia katika laini ya nje, mita itarudi nyuma, na usiku atachukua chake alichokiweka. "Shemeji," akaniambia, "mimi na tokeni tumeachana."

Baada ya majuma matatu akapiga tena. Tokeni za shilingi elfu moja, ambazo zamani zilimtosha siku kumi, sasa zilikuwa zikiisha baada ya siku sita. Aliangalia paneli, zilikuwa zikifanya kazi. Aliangalia friji, ni ile ile. Akadhani jirani anamwibia.

Hakuibiwa na mtu. Mita za zamani zenye sahani inayozunguka ziliweza kweli kurudi nyuma stima ilipotoka nyumbani kwenda nje. Lakini nyingi za hizi za kielektroniki hazikuundwa kwa kazi hiyo. Zinahesabu kwamba stima imepita, wala haziulizi imepita ikielekea wapi. Kwa hiyo kila uniti ambayo shemeji aliitoa mchana, mita iliiandika kana kwamba ameitumia. Alikuwa akigawa stima na kulipia kule kugawa kwake.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilimfika usiku wa Ijumaa, Agosti 25 mwaka huo huo, stima ilipopotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Kesho yake saa sita adhuhuri, jua likiwaka la kuchoma, paneli zake sita ziko juu ya paa na nyumba yake haina hata stima ya kuchaji simu. Mkewe, ambaye ni dada yangu, alisema maneno ambayo sitayarudia redioni.

Nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye roho za watu. Mtambo wa namna ile, usio na betri, una kifaa kiitwacho inveta kinachogeuza stima ya paneli ili ifanane na ile ya laini. Inveta iliyotengenezwa kwa kufuata viwango hujizima yenyewe katika sekunde chache laini ya nje inapokufa. Huo si ubovu. Inamlinda yule kijana wa kofia ngumu aliyepanda nguzo mtaani kwenu kutafuta hitilafu.

Fikiria kijana huyo ameshakata laini upande wa kituo. Anaamini nyaya zilizo mbele yake zimekufa. Kumbe nyumba moja chini ya barabara inaendelea kusukuma stima ya jua kwenye laini. Na transfoma haijui mbele na nyuma. Ile inayoshusha volti 11,000 ziwe za kutumia nyumbani, ukiilisha kutoka chini itazipandisha zifike huko huko juu. Anayeshika waya pale hapewi nafasi ya pili. Hatari ni ile ile kwa wale wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Nimeuona waya kama huo kwa macho yangu, nyumbani kwa mtu aliyesoma, mwenye shahada mbili.

Ndiyo maana mtu hawezi tu kununua paneli na kuziingiza katika gridi kama anayefungua bomba. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kifungu cha 162, ilimpa mwananchi mwenye mtambo usiozidi megawati 1 haki ya kuomba mkataba na msambazaji wa stima ili wapeane na kuhesabiana. Lakini haki hiyo ilisubiri kanuni, na kanuni zilitoka mwaka 2024. Miaka mitano! Katika muda huo maduka yaliuza, mafundi waliunganisha, na watu kama shemeji wakaingia kinyemela bila kujua kwamba wameingia kinyemela. Siwalaumu wao peke yao. Ukimwonyesha mtu mlango na ukakaa miaka mitano na ufunguo mfukoni, atapita dirishani.

Sasa mlango uko wazi, na njia yake ni hii. Unaomba kwa msambazaji, mtambo wako unakaguliwa, unafungiwa mita inayohesabu pande zote mbili, kisha mnatia sahihi. Fundi naye awe na leseni. Tangu kanuni za sola za mwaka 2012, kazi ya kuunganisha na gridi ni ya fundi wa daraja la T3. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajapanda ngazi.

Tuje kwenye hesabu, ambako kelele ni nyingi. Kanuni zasema kila uniti unayoitoa unahesabiwa nusu. Ukitoa mbili, unarudishiwa moja. Hulipwi pesa taslimu. Na salio likibaki mwisho wa mwaka wa fedha, linafutwa.

Tuchukue mfano wa nyumba inayotumia uniti 150 kwa mwezi, 60 mchana na 90 usiku. Paneli za kilowati 3 zikitoa uniti 12 kwa siku, ni 360 kwa mwezi. Zile 60 za mchana unazitumia mwenyewe, 300 zinakwenda nje, unahesabiwa 150. Usiku unachukua 90, zinabaki 60. Mwezi ujao 60 nyingine, na nyingine, hadi zije zifutwe zote. Mwenye paneli za nusu ya hizo atatoa uniti 120 nje, ahesabiwe 60, alipie 30 tu. Ametumia karibu nusu ya gharama, na kilichomponyoka ni kidogo sana. Aliyemuuzia shemeji paneli sita hakumpigia hesabu hii.

Wengi wanaiita nusu hiyo wizi. Mimi sikubali. Stima ya adhuhuri inaingia wakati nchi haina shida nayo sana. Shida yetu ni kuanzia magharibi, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha kila kitu. Tena nguzo, nyaya na transfoma zinagharimiwa na wote, pamoja na mpangaji wa chumba kimoja Kayole asiye na paa lake la kuweka paneli. Hata jimbo la California, Marekani, lililokuwa likiwahesabia watu wake karibu uniti kwa uniti, lilipunguza sana malipo hayo kwa wanaojiunga tangu Aprili 2023, kwa hoja kama hizi.

Lakini kulifuta salio mwisho wa mwaka, hilo silioni haki. Uniti ile ilikwisha kwenda kwa jirani, na jirani aliilipia bei kamili. Nusu yake imekwisha kukatwa kwa ajili ya nguzo. Nusu iliyobaki inafutwa kwa ajili ya nini?

Na kuna jambo jingine. Uniti unayoitumia papo hapo jua likiwaka inakufaa nzima, haikatwi kitu. Kwa hiyo anayefaidika kweli ni mwenye kinyozi, mwenye kusaga unga, shule, zahanati, watu ambao kazi yao ni ya mchana. Mfanyakazi anayefunga mlango alfajiri na kurudi usiku ndiye anayekatwa zaidi.

Shemeji alizizima paneli zake tangu Agosti ile. Kanuni zilipotoka alimtafuta fundi mwenye leseni, akabakiza paneli tatu na kuweka betri ndogo, na nyingine tatu akamuuzia mwenye saluni hapo jirani. Dada yangu siku hizi hupiga pasi Jumamosi saa sita. Shemeji bado anauliza kama lile deni la tokeni za Julai litawahi kurudishwa, nami sina la kumjibu.