Asubuhi Analia, Jioni Anacheka

Somo: 1 Wafalme 19:1–8



Ninyi mnaokaa kando ya ziwa, kutoka Mbita hadi Muhuru, mmeziona taa za wavuvi wa omena juu ya maji usiku usio na mwezi. Wengine wanapolala, hao wako kazini. Jua likichomoza, ndipo wanapotafuta kulala. Leo twataka kusema juu ya usiku na mchana, na juu ya wagonjwa wa moyo wenye huzuni.

Katika kanisa moja upande wa Homa Bay alikuwako mama mwenye bidii sana. Kisha akaanza kukosa sala za asubuhi. Tulipomwendea saa mbili tulimkuta amejifunika shuka, machozi yakimtoka, moto haujawashwa. Alituambia kwamba huamka saa tisa usiku, na usingizi haurudi tena. Lakini jioni alionekana ziwani akichota maji, akiongea, pengine hata akicheka. Watu wakasema, “Anajisingizia. Ni mgonjwa gani huyu anayepona kila jioni?” Wengine wakanong’ona habari za chira. Na sisi wachungaji, badala ya kumtetea, tulimwambia aongeze imani. Tulikosa, wapenzi. Twaungama mbele yenu.

Ugonjwa wa huzuni nzito una saa zake, kama homa ya malaria ilivyo na saa zake. Hakuna amwambiaye mgonjwa wa malaria kwamba anajisingizia kwa sababu jasho limemtoka na homa imeshuka. Madaktari wanatufundisha kwamba wengi wenye huzuni hiyo huamka kabla ya alfajiri, na asubuhi huwa nzito kuliko saa nyingine. Jioni mzigo hupungua kidogo. Mungu ameweka saa ndani ya mwili wa mwanadamu, nayo hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Waliichunguza katika inzi mdogo wa matunda.

Uko na ugonjwa mwingine ambao moyo hupanda kabla ya kuanguka. Kijana mmoja wa upande wa Migori alikaa siku nne bila kulala, wala hakuchoka. Alihubiri sokoni mpaka sauti ikamkauka, akagawa pesa za karo ya wadogo zake. Tukashangilia, tukasema ni Roho. Baadaye alikuwa kitandani, hataki kuishi. Kwa mtu wa namna hii, kukosa usingizi huweza kuwa dalili ya kwanza, tena huweza kuwa kuni za moto wenyewe. Wako pia ambao moyo wao hugeuka mara nyingi katika siku moja, na neno dogo huwachoma kama kaa. Hao nao wahitaji matibabu na subira yetu.

Mtazameni Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Je, Mungu alimkemea? La. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa mara ya pili. Swali lilikuja baadaye, huko Horebu. Sisi tulianza na swali, tukasahau mkate.

Basi tufanye nini? Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali, wala asiache dawa kwa sababu ameombewa. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe mara.

Pili, tumsaidie kushika saa: kuamka, kula, kufanya kazi na kulala kwa wakati ule ule kila siku. Huko Pittsburgh, Marekani, Ellen Frank na wenzake walitumia njia hiyo, pamoja na dawa, kwa watu ambao mioyo yao hupanda na kushuka.

Tatu, asilazimishwe kukesha. Kesha ni jema, lakini huyu na aombe mchana. Mungu husikia saa sita mchana kama saa sita usiku. Akiwa mvuvi, ndugu zake wamtafutie kazi ya mchana.

Nne, tusimtembelee jioni tu, anapocheka. Twende asubuhi, tufungue dirisha, tutembee naye juani.

Yule mama sasa anatibiwa. Akina mama wa kanisa wamepangana zamu, na kila asubuhi mmoja hupita na uji. Asubuhi nyingine bado hulia, lakini halii peke yake.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeumba jioni na asubuhi, utusamehe tuliowahukumu wagonjwa wako. Uwape usingizi usiku, na asubuhi utufanye sisi tuwe wachukuzi wa mkate wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.