Kutu Inayolinda

 

Mhunzi akitoa chuma motoni na kukipiga nyundo, magamba meusi humwagika kando ya fuawe. Chuma hicho kimeliwa na hewa, na kikirudi motoni kitaliwa tena. Gamba lake, joto likipita nyuzi 570 hivi, huwa na nafasi tupu tele ambamo atomu za chuma hupita zikaifuate oksijeni nje. Sasa itazameni koili ya jiko la umeme. Inawaka nyekundu kila siku, miaka kadhaa, na hewa ni ile ile.

Koili nyingi za namna hiyo ni aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo Mmarekani Albert Marsh alipata hataza yake mwaka 1906. Kromiamu, asilimia 20 hivi tu, huwahi oksijeni na kufanya utando usiopenyeka kirahisi. Utando ukinenepa, njia ya atomu hurefuka. Unene mara mbili hudai muda mara nne. Mjerumani Carl Wagner alieleza sababu yake mwaka 1933. Koili nayo inapata kutu, ila kutu hiyo inajifungia njia yenyewe.

Basi koili hufa kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu ya swichi. Ukizima, metali husinyaa kuliko utando. Utando hubanwa, hujikunja, hubanduka. Ukiwasha, kromiamu nyingine hutumika kuziba pengo, hadi akiba iishe. Ndiyo maana maabara hupima waya kwa kuuwasha dakika 2 na kuuzima dakika 2, mpaka ukatike.

Mnamo 1937 Waingereza Griffiths na Pfeil walionyesha kwamba chembe ya metali iitwayo seri ndani ya aloi huufanya utando ung'ang'anie. Ilibidi ifike miaka ya 1980 ndipo watafiti wakamkamata mhalifu mmojawapo: salfa, sehemu chache tu katika milioni, inayojipenyeza chini ya utando na kuulegeza. Seri huishika salfa isifike huko. Mimi hadi leo sikizoei kiasi hicho kidogo!

Wahitimu, mkikabidhiwa tanuri, msiulize joto lake tu. Ulizeni huzimwa mara ngapi kwa siku. Na fundi mkuu akiwaambia mkwangue koili ing'ae, mkatalieni kwa adabu.