Swali la kwanza lisikuwe "tutoe ngapi?"

(Maneno ya harakati yetu mbele ya vijana wa Ankoro, jimbo la Tanganyika)

 

Tunajua vile inapitikaka. Usiku simu inalia: "Banamukamata Yaya, bamemuweka mu kacho." Familia inaamka, inakusanya makuta, inauza mbuzi ao baiskeli. Swali ni moja tu: "Tutoe ngapi?" Makuta inatoka bila karatasi, na kesho yake inaombwa tena ingine. Wakati mtu anafikiria kutafuta avoka, yule aliyefungwa ameisha kutia sahihi kwenye PV iliyoandikwa kwa Kifaransa, na hakuna aliyemuelezea mulikuwa nini ndani.

Sisi tunataka swali la kwanza likuwe lingine: "Nani atamutetea?" Na kwa vijana wanaosoma sheria, ao wanaofikiria kuisoma, tunaongeza la pili: "Nani kati yetu atakuwa huyo mutetezi?"

Tuanze na sheria, maana mwenye hajui haki yake anauziwa kitu ambacho ni chake. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa luga anayoisikia. Kama ni Kiswahili, ikuwe Kiswahili. Kama mama anasikia Kiluba tu, ikuwe Kiluba. Kifungu hicho kinamupa haki ya kuwasiliana mara moja na familia ao na avoka wake. Na polisi haiwezi kumushika zaidi ya masaa 48: masaa hayo yakiisha, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wakubwa wa sheria.

Kifungu cha 19 kinaendelea: kila mtu ana haki ya kusaidiwa na mutetezi anayemuchagua mwenyewe, tangu uchunguzi wa polisi, kisha parke, mpaka tribinali. Musikilize vizuri: tangu polisi. Wengi wanaamini avoka anaanza kazi siku ya kusimama mbele ya waamuzi. Kumbe siku ile, kesi nyingi zimeisha kuharibika. Neno lililoandikwa kwenye PV ya kwanza linamufuata mtu mpaka mwisho.

Baada ya polisi kuna parke. Parke ikitoa mandati ya kufunga kwa muda, inapaswa kumufikisha mufungwa mbele ya mwamuzi ndani ya siku tano. Mwamuzi akikubali abaki ndani, ruhusa ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Avoka mwenye uzoefu anahesabu masiku haya kama mvuvi wa Lualaba anavyohesabu nyavu zake. Mufungwa asiye na mtu wa kumuhesabia anaweza kusahauliwa.

Kwa nini tunasema haya Ankoro? Kwa sababu hapa, Luvua inapoingia ndani ya Lualaba, tuko mbali na meza za haki. Kalemie ni mbali, barabara munaijua. Na wazee wetu wanakumbuka Novemba 2002, wakati mapigano ya jeshi na Mayi-Mayi yalileta vifo vya makumi ya raia na kuchoma manyumba kwa maelfu. Askari walioshitakiwa walihukumiwa na Mahakama ya kijeshi ya Katanga, na hukumu ilitoka Desemba 2004. Miaka miwili. Kwa muda wote ule, mshitakiwa alihitaji avoka, na aliyechomewa nyumba pia alihitaji avoka wa kumuandikisha kwenye kesi na kudai malipo kwa jina lake. Kutetea si kazi ya wenye makosa peke yao. Na hata mwenye kosa ni haki yake kutetewa: bila hiyo, hatuwezi kujua kama yule tunayemufunga njo mwenye kosa kweli.

Sasa, namna gani ya kuchagua?

Hakikisha kwanza kama ni avoka kweli. Pembeni ya kila parke hapakosekani mtu mwenye koti na mufuko wa karatasi. Avoka ameandikwa kwenye baro, na batonie, mukubwa wa maavoka, anaweza kuthibitisha. Sheria ya 28 Septemba 1979 inatambua pia watetezi wa tribinali, ambao si maavoka: wanaweza kutetea kwenye tribinali za chini, lakini si kwenye mahakama ya rufaa. Wengi wanafanya kazi nzuri na bei yao si kali. Ila kama kosa ni zito, ujue tangu mwanzo nani atakuendelesha kesi ikipanda juu.

Kisha uliza amezoea kesi za namna gani. Mtu anaweza kuwa na miaka 20 kwenye mambo ya viwanja na mikataba, na hajaingia kacho hata mara tano. Makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitano yanaenda tribinali ya amani. Yanayozidi pale, na yale ya hukumu ya kifo, yanaenda tribinali kubwa. Muulize ameisha kutetea wapi. Muulize hivi: "Kesho asubui utafanya nini?" Mwenye kujua kazi atakujibu: nitaenda kumuona mufungwa, nitaomba kusoma dosie, nitaangalia tarehe na saa ya kukamatwa. Mwenye kuanza na majina ya wakubwa anaowajua, hapo ufikiri mara mbili.

Jambo lingine: umuogope anayekuahidia matokeo. "Mwamuzi ni rafiki yangu, weka tu kitu kidogo" si maneno ya avoka, ni maneno ya muchuuzi. Avoka wa kweli anakuambia pia habari mbaya: kwamba hapa ushahidi ni muzito, hapa tuna nafasi, hapa tusubiri.

Kuhusu bei, musikilizane mbele na muandike. Malipo ya avoka ni kiasi gani, safari ni kiasi gani, karatasi za tribinali ni kiasi gani. Kila makuta inayotoka, risiti irudi. Rushwa haina risiti. Njo alama yake.

Na kama makuta haiko? Ile sheria ya 1979 inaagiza baro isaidie watu wasio na uwezo, kupitia ofisi ya ushauri wa bure. Mutu akionyesha karatasi ya umaskini wake, anaweza kupewa avoka wa kumutetea bila malipo. Hii si sadaka. Tatizo ni kwamba ofisi hizi ziko mujini, na anayezihitaji zaidi yuko huku.

Kitu cha mwisho hapa: rufaa. Kwa kesi za makosa, una siku kumi baada ya hukumu kusomwa. Vijana wa harakati wanakumbuka Goma, Februari 2016. Vijana sita walikamatwa wakitayarisha siku ya muji kufungwa, wakahukumiwa miaka miwili kwa siku chache tu. Rufaa ikawekwa upesi, na mwanzoni mwa Machi mahakama ya rufaa ikapunguza mpaka miezi sita. Sisi tunasema hawakupaswa kufungwa hata siku moja. Lakini mwaka mmoja na nusu ya maisha ya watu sita iliokolewa kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kuhesabu siku kumi.

Tugeukie vijana wa sheria. Njia iko hivi: unamaliza lisansi ya sheria, unaomba kuandikwa kwenye baro, unaapa, kisha staji ya miaka miwili chini ya avoka mukubwa. Miaka hiyo ni migumu. Bila ndugu wa kukusaidia nauli na chumba, wengi wanakata tamaa ao wanageuka wapiganisha makuta kwenye mulango wa parke.

Shauri letu: chagua patroni wako kama vile familia inavyopaswa kuchagua avoka. Usiangalie gari yake. Angalia kama anaenda kacho mwenyewe, kama anasoma dosie mbele ya kuongea, kama anakuachia umuandikie hoja na kuzisahihisha. Hotuba kubwa utajifunza baadaye. Kwanza jifunze kusoma PV na kuona kitu kinachokosa: saa haikuandikwa, mutafsiri hakuwepo, sahihi si ya mwenyewe. Na jifunze kumueleza mama wa Ankoro, kwa Kiswahili chake, mambo yaliyoandikwa kwa Kifaransa. Hiyo pia ni kutetea.

Kijana wa staji na avoka mwenye uzoefu wanaweza kufanya kazi pamoja: mukubwa anashika kesi, mudogo anafika haraka, anamuona mufungwa, anaandika saa. Kwa masaa 48 ya kwanza, miguu ya kijana ina bei kubwa kuliko jina la mukubwa aliyebaki Kalemie.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa kila avenue ya Ankoro: watu wawili wakuwe na namba ya avoka na namba ya baro, na wajue kuandika hivi: nani amekamatwa, saa ngapi, na nani, amepelekwa wapi. Karatasi ile ndogo njo silaha ya kwanza ya avoka.

Kwa baro: ofisi ya ushauri wa bure itoke mujini. Tribinali ikikuja kufanya vikao huku kwetu, maavoka na vijana wa staji wakuje nayo, na wafike siku mbili mbele, maana mutetezi anayekutana na mufungwa asubui ya kesi anamusindikiza tu.

Kwa wanafunzi wa sheria waliotoka huku: murudi, hata kwa likizo. Mukae chini ya mwembe na musome kifungu cha 18 na cha 19 pamoja na watu. Haina bei. Na siku simu italia tena usiku, kutakuwa na mtu katika ile nyumba mwenye kuuliza kabla ya kuuza mbuzi: "Saa ngapi bamemukamata? Na avoka wake ni nani?"