Kura ya Mchezaji Bora Iwe ya Wachezaji

Tuzo ya mchezaji bora katika ligi za kata huzaa manung'uniko, kwa kuwa jicho la mtazamaji humfuata mfungaji. Huko Uingereza, chama cha wachezaji huwaachia kura wachezaji wenyewe. Tuzo yao ya kwanza, mwaka 1974, ilimwendea Norman Hunter wa Leeds United, beki aliyeogopwa kwa ukabaji wake. Mwaka 1976 ikamwendea Pat Jennings, naye ni kipa! Aliyekabwa dakika tisini humjua beki kuliko aliyeketi jukwaani. Basi kila timu ipige kura, isimchague mtu wake, na kura zihesabiwe hadharani mbele ya manahodha wote. Kazi ya viongozi iwe kukabidhi kombe tu.